Nyumba Yenye Taa za Breki

Nyumba yangu ina taa za breki. Ina magurudumu mawili, nambari ya usajili nyuma, mlango mdogo ubavuni, na kitanda kinachojaza ndani yote, hivi kwamba ukiingia huna jingine la kufanya ila kulala. Niliijenga Kitengela, kwenye uwanja wa nyumba ninayopanga, wapangaji wenzangu wakinitazama. Niliijenga ili nipate kulala nyumbani kwa mama yangu, mahali ambapo sina ruhusa ya kulala.

Kwetu ni magharibi, mbali na nyika hizi za Kajiado. Huko kijana wa kiume akikomaa hujenga kibanda chake ndani ya boma la baba. Binti hatengewi hata mahali pa kigingi, kwa sababu anatarajiwa kuondoka. Mimi niliondoka kama ilivyotarajiwa. Ndoa ilipoisha nikarudi, nikagundua kwamba desturi yetu ina mahali pa kila mtu isipokuwa mwanamke aliyerudi. Halali chini ya paa la wazazi wake wala la ndugu yake, wala hajengi ndani ya ua; inaaminika akifanya hivyo watoto wa boma wataugua na kufa. Akija kusalimia anaonyeshwa jiko la nje, au nyumba ya jirani, au, akiwa na mshahara, anaonyeshwa njia ya kwenda loji mjini.

Kwa miaka mingi nililala loji. Pasaka iliyopita nilitoka huko asubuhi, nikafika nyumbani na kumkuta mama ameketi chini kwenye njia ya choo, ameegemea mgomba, leso yake imelowa umande. Alikuwa ameanguka kukiwa bado giza.

"Si ungenipigia simu?" nikamwambia, nikijaribu kumwinua.

"Simu iko kwa meza," akasema. "Mimi niko hapa."

Alikuwa ameita, lakini baba alishafariki na ndani ya boma hakukuwa na mtu wa kumsikia. Nyumba ya ndugu yangu, yenye mabati ya bluu na mapazia ya kitambaa kizito, iko karibu sana na mgomba ule. Yeye anaishi Eldoret. Nyumba hiyo hufunguliwa Krismasi na wakati wa matanga. Siku nyingine zote hulaliwa na mijusi.

Nilimwosha mama, nikampa uji, kisha nikampigia ndugu yangu. Nikamwambia nataka kujenga chumba kimoja tu, nyuma ya jiko.

Hakupaza sauti. "Dada, unajua haiwezekani. Ujenge hapo, halafu watoto wangu waanze kuugua, nitamwambia nini mama yao?"

"Basi niachie ufunguo nilale kwako."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Anaogopa kweli. Tulikula sahani moja utotoni, namjua. Si mtu wa hila. Lakini hofu yake ina nyumba mbili, na mama yangu analala peke yake. Nilipokata simu nilikuwa nimeshaamua kwamba nitalala ndani ya ule ua. Sikujua tu ni kwa njia gani.

Njia niliipata kazini. Nakagua magari yaliyopata ajali kwa niaba ya watu wa bima: naangalia, napiga picha, naandika kilichotangulia na kilichofuata. Siku moja, katika yadi ya magari mabovu, nilikuta trela ndogo ya watalii iliyopondwa upande mmoja. Mbele ilikuwa ya mviringo, nyuma imeteremka ikawa nyembamba, kama tone la maji lililolazwa ubavu. Nikachungulia. Ndani kulikuwa na godoro, taa ya kusomea na soksi moja. Nyuma kulikuwa na kifuniko. Ukikiinua unapata jiko, na mpishi anasimama nje. Nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kitu kile kilikuwa na paa, mlango na kitanda, na bado katika ripoti yangu nilikuwa nimekiita trela bila mtu yeyote kunipinga.

Kando ya barabara ya Namanga kuna fundi wa kuchomelea anayetengeneza mageti na mikokoteni ya punda. Nilimpelekea mchoro wangu. Akaugeuza juu chini, akaurudisha.

"Mama, hii ni ya kuku?"

"Ni ya mtu."

"Mtu hai, ama yule ameshaenda?"

Wenzake wakacheka hadi mmoja akaweka chini miwani yake ya kuchomelea. Niliwasubiri wamalize, kisha nikamwuliza fremu itakuwa tayari lini. Akaacha kucheka, akachukua tepu ya kupimia.

Kazi ya mbao niliifanya mwenyewe, jioni baada ya kazi na Jumamosi baada ya kufua. Nilichora ubavu wa kwanza kwa kamba na kipande cha makaa, nikaukata, nikautumia kukatia wa pili. Plaiwudi nyembamba ya paa ilikataa kupinda. Niliilaza chini ya magunia yaliyoloweshwa maji ya moto, nikaifunga kwa kamba na kuivuta kidogo kidogo, mpaka ikakubali kupinda mgongo. Mvua ziliponyesha, udongo mweusi wa Kitengela ulinishika viatu nikawa nabeba uwanja mzima kila nikitembea. Nilifunika kazi kwa turubai na kuendelea chini yake, nimepiga magoti.

Jirani wa mlango wa pili, mwanamume anayependa kusimama na kikombe cha chai, alikuja kila jioni kukagua.

"Jirani, hiyo jeneza mbona iko na dirisha?"

"Ndio nikuone ukija kunizika."

"Na ukiolewa tena utaiweka wapi?"

"Nitamwambia huyo bwana alale nje, alinde magurudumu."

Akaenda kumsimulia mke wake. Niliwasikia wakicheka, na safari hii mke ndiye aliyecheka zaidi.

Mwanamke aliyebadilisha mambo hakuja kwa ajili yangu. Ni bibi wa Kimasai anayetuletea maziwa, mwembamba, mwenye maneno mengi, ambaye wapangaji wote wa plot yetu humwita Koko, yaani nyanya kwa Kimasai. Aliweka mtungi chini, akazunguka trela, akagonga ubavu wake kwa kiganja kama anayenunua ng'ombe.

"Hii nyumba ni nani amejenga?"

"Ni mimi, Koko. Lakini kwetu wanasema mwanamke hawezi kujenga."

Akanitazama kana kwamba nimesema kwetu watu hutembea kwa mikono. "Sasa ni nani anajenga? Mwanaume?" Akacheka, akapiga makofi. "Sisi nyumba ni ya mama. Anajenga yeye, anapaka mavi ya ng'ombe yeye. Mzee akikuja anapiga hodi kama mgeni. Akileta kelele, analala kwa ng'ombe."

Kisha, bila kuniuliza, akavua kandambili, akaingia, akajinyoosha juu ya mbao tupu. Sauti yake ikatoka ndani: "Nakerai, mtoto wangu! Hii inatosha. Weka ngozi hapa chini, na uache shimo ya pumzi."

Niliacha shimo la pumzi. Jioni hiyohiyo nikampigia ndugu yangu na kumweleza kwamba hapa ninapoishi, umbali wa basi moja kutoka kwake, nyumba zote za boma hujengwa na wanawake na watoto hawafi kwa sababu hiyo.

"Sisi si Wamasai," akasema.

"Najua. Ndiyo maana nimeweka magurudumu."

"Magurudumu gani?" Sikuwa nimemwambia bado. Nilipomaliza kumweleza, akasema, "Dada, ukiweka godoro na paa, hiyo ni nyumba."

"Na basi la usiku? Lina paa, na watu wanalala."

"Basi halilali kwa baba yetu."

Alisema atalipeleka jambo hilo kwa wazee wa ukoo. Mimi nikaipeleka trela kwa fundi kufungwa ekseli.

Ekseli hiyo tulijivunia sana. Fundi aliifunga, akaita watu, akashika mkono wa trela mbele na kuuinua kwa kidole kimoja. Nyumba nzima ikatulia kama mizani. Watu walishangilia, nami nikashangilia pamoja nao. Jumamosi tukaifunga nyuma ya gari langu dogo, fundi akaketi kando yangu, tukashika barabara ya Kajiado kuijaribu.

Baada ya Isinya, kwenye mteremko, usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwangu. Nilidhani ni upepo wa malori. Kisha nikaona kwenye kioo nyumba yangu ikichungulia kushoto, halafu kulia, kila mara ikitoka nje zaidi.

"Mama, breki!"

"Nikipiga breki tunapinduka!"

"Basi usipige!"

Nimekagua magari ya kutosha kujua sura inayofuata. Niliondoa mguu kwenye mafuta, nikashika usukani uelekee mbele tu, nikaiacha kasi ife yenyewe. Tulisimama kwenye changarawe. Mbele yetu, bila haraka, punda wawili walikuwa wakivuta mkokoteni wa mapipa ya maji, na mapipa hayo hayakuyumba hata kidogo.

Tuliutazama mkokoteni ule pamoja. Kisha fundi akashuka, akapiga magoti kando ya ekseli yetu, akabaki pale.

"Nimekufungia ya punda," akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Mkokoteni wa punda hufungwa ekseli katikati makusudi, ili mzigo usimlalie mnyama mgongoni. Gari linataka kinyume: mkono wa trela ulilalie kidogo, ndipo nyuma itulie. Yeye alikuwa ametengeneza mikokoteni maisha yake yote, mimi nilikuwa nimepiga makofi. Tulicheka kwa muda, zaidi kwa sababu tulikuwa hai. Tukarudi polepole, malori yakitupigia honi, naye akakata na kuisogeza ekseli nyuma. Mkono wa trela sasa unauinua kwa mikono miwili huku ukiguna. Hakuna aliyeshangilia. Jumamosi iliyofuata nilienda hadi Kajiado mjini na kurudi, nayo ikanifuata kimya njia nzima.

Wazee wa ukoo waliketi. Ndugu yangu aliniambia mmoja wao alisema chenye magurudumu ni gari, na gari la binti haliwezi kukatazwa kuingia. Mwingine akauliza kama nitawasha moto ndani. Alipoambiwa kwamba jiko liko nyuma na mpishi husimama nje, akasema basi huo ni moto wa nje. Wa tatu akasema waketi tena. Hawajaketi.

Mimi sikuwasubiri. Nilimpigia mama kumwambia nakuja kukaa likizo yangu yote.

"Nimepima lango na fimbo," akasema. "Hiyo kitu yako itaingia. Nimetoa kuku pale kando ya jiko."

"Na wazee?"

"Wazee wanaishi kwa hii boma? Lakini kaka yako alipita Jumapili. Amefunga lango kubwa na kufuli mpya. Mimi napitia ile ndogo."

"Ufunguo uko wapi?"

"Alienda nao."

Trela iko nyuma ya gari ninapoandika haya, taa zake za breki zimejaribiwa, mtungi wa gesi umefungwa kwa mkanda. Fundi alitaka kunikopesha grainda ya kukatia chuma. Nilimshukuru, nikaiacha kwake. Badala yake nimemwandikia ndugu yangu kwamba kesho nitapitia Eldoret, ashuke barabarani anipe ufunguo. Na asiponipa, nitaegesha nje ya lango, nikigusana na ua wa baba yetu, mahali ambapo mama akiita nitamsikia.

Amesoma ujumbe. Mimi nimetega saa ya kuamka alfajiri.