Timu Iliyokosa Mrithi

Mmiliki wa timu yetu alifariki msimu ukiwa katikati. Tulikuwa mazoezini Kagongwa, kwenye kiwanja kilicho nyuma ya mashine za kukoboa mpunga, kocha alipopigiwa simu. Alisikiliza, akairudisha simu mfukoni, akapuliza filimbi. Tukadhani anatuita tukanywe maji.

"Mzee amefariki," akasema. "Presha."

Tulisimama palepale. Baadaye, kwa kuwa hakuna aliyesema tuondoke, tukaendelea kupiga kona.

Mimi ndiye kapteni, nacheza beki wa kati. Nilikuwapo timu ikiwa bado ya mtaa, tunacheza na jezi za kuazima, kabla mzee hajaichukua na kuipandisha hadi ligi ya taifa, yale madaraja ya chini ambayo hayaonyeshwi kwenye televisheni. Alikuwa na mashine za mpunga hapa, na hisa kwenye maduara ya dhahabu, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, huko Geita. Hakuwa mtu wa maneno. Akija mazoezini alikaa ndani ya gari, kioo kimeshushwa, anatafuna karanga. Tukishinda alituletea mbuzi. Tukifungwa aliwasha gari mapema.

Tulimzika kijijini kwao Samuye. Matanga yalipoisha ukoo ukakaa kugawa mali, na kocha akaniambia niende nami nikakae. "Timu nayo ni mali ya marehemu," alisema. "Lazima itajwe, na wewe uwepo ikitajwa."

Nikakaa kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango. Mdogo wake marehemu ndiye aliyeongoza kikao. Mashine za mpunga zilikwenda kwa binti mkubwa, ambaye alikuwa akizisimamia tangu baba yake yu mzima. Ng'ombe na mashamba vikagawanywa bila ubishi mwingi. Basi likapewa kijana wa kiume wa marehemu. Basi hilo mzee alilinunua kwa ajili ya kutubeba sisi, jina la timu limeandikwa ubavuni, lakini hakuna aliyelisema hilo, nami sikulisema.

"Na hii timu?" akauliza mwongozaji.

Kijana alicheka kidogo akiziba mdomo kwa mkono.

"Baba mdogo, mimi mpira siujui," akasema binti.

"Mimi naujua," akasema kijana. "Ndiyo maana siutaki."

Mjane hakuwa amezungumza tangu kikao kianze. Akasema akitazama sakafu, "Mtu anarithi kinachomlisha. Hiki chenyewe kinataka kulishwa."

Watu waliitikia kwa kichwa. Mwongozaji akanigeukia. "Kapteni, wewe unasemaje?"

Nikasimama. "Shikamooni. Sisi tunasubiri kuambiwa tu."

"Kuambiwa nini?"

"Kuambiwa sasa ni timu ya nani."

Akajikuna kidevu. "Iwekwe pembeni kwanza," akasema, wakarudi kwenye habari za ng'ombe mmoja mwenye mimba. Njiani kurudi Kagongwa nilitazamia kwamba hasira itanipanda. Haikupanda. Nilinunua mahindi mawili ya kuchoma barabarani, nikala yote, na nusu ya safari nikalala.

Tukawa tunacheza hivyo hivyo, timu isiyo na mwenyewe. Binti alituletea gunia la mchele, akaliacha kambini na kusema ameleta kama jirani, tusije tukasema vingine. Kocha alibaki nasi muda kidogo, kisha akapata kazi ya kufundisha shule moja Kishapu, huko Mhunze. Alituaga vizuri, mmoja mmoja, kwa mkono. Kuanzia hapo mazoezi nikawa nayaendesha mimi.

Mechi ya ugenini Geita tulisafiri na basi letu wenyewe, kama abiria. Kijana alikuwa ameliingiza kwenye njia ya Kahama kwenda Geita, na tulipofika stendi ndilo lililokuwa linapakia. Kondakta alitutambua, akaona aibu, akaanza kupangapanga mizigo isiyohitaji kupangwa. Tukakata tiketi. Kiti nilichozoea, cha nyuma ya dereva, alikikalia mama mmoja mfanyabiashara na ndoo zake za dagaa. Alituangalia tulivyovaa sare za mazoezi, akasoma maandishi yaliyo vifuani mwetu.

"Kumbe hili basi ni la kwenu?" akaniuliza.

"Lilikuwa, mama."

"Pole," akasema, akaisogeza ndoo moja ili nipate pa kuweka miguu. Kipa wetu alisimama hadi Kakola, vumbi likiingia dirishani, kwa kuwa viti vilikuwa vimejaa. Geita tulifungwa mabao mawili. Si kwa sababu ya basi. Wenyeji walituzidi.

Karibu na mwisho wa msimu akaja mnunuzi, mtu kutoka mikoa ya kusini. Mjane aliniita nyumbani kwake. Nilimkuta mgeni sebuleni, soda mbele yake haijaguswa.

"Mwanangu," mama akaniambia, "huyu baba anataka timu."

"Nataka nafasi yenu ya ligi," mgeni akasahihisha, kwa upole. "Timu itahamia kwetu. Jina tutabadilisha."

"Na wachezaji?" nikauliza.

"Nitachukua watatu, wanne. Wengine wana kwao." Akanitazama magoti. "Wewe una miaka mingapi?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu mnadani aliyefunua meno ya ng'ombe na kumwachia aende.

Alipotoka nje kupiga simu, mama akaniuliza, "Nifanyeje?"

Nilikuwa sijajiandaa kuulizwa. Niliwafikiria wale watatu, wanne, ambao wangepata mshahara. "Uza, mama," nikasema. "Walau itakuwepo mahali."

"Mahali wapi?" akasema. "Mume wangu amelala Samuye. Huko kusini nitamwendea nani?"

Hakuuza. Wala hakusema ataiendesha. Tulisikia baadaye kwamba yule bwana amepata timu nyingine, mkoa mwingine, na kwamba ameshaipa jina jipya.

Ligi ilipokwisha hatukushuka daraja. Mechi yetu ya mwisho tulitoka sare, na waliokuwa nyuma yetu wakafungwa kwao. Tulipata habari kwa simu tukiwa tunavua viatu. Mtu mmoja alipiga makofi kidogo, akaacha. Kila mmoja akakusanya vitu vyake na kwenda anakokwenda. Wengine walirudi kwao kulima, wengine machimboni. Kipa alikwenda Geita kwenye maduara.

Nyumbani mke wangu alinitengea michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na chai, akakaa kunitazama nikila.

"Huumii?" akauliza.

Nilijikagua kabisa, kama unavyojikagua baada ya kugongwa uwanjani, huku na huku. "Hapana," nikasema. "Sijisikii kitu."

"Hiyo ndiyo inayonitisha," akasema, akaniongezea chai.

Sasa nafanya kazi kwenye mashine za yule binti, napokea mpunga na kupima. Ni kazi nzuri. Jioni najikung'uta pumba, navuka kwenda kiwanjani. Tuliobaki ni wachache, tunacheza nusu uwanja. Hakuna aliyetuambia tuje, na hakuna aliyetuambia tusije.

Wiki iliyopita mjane alikuja. Hakuwahi kufika pale hata mumewe akiwa hai. Nilimwendea.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma, jioni njema, mama.

"Mwadila, mwanangu." Akaketi kwenye tofali, khanga begani. Alitazama muda mrefu mpira ukienda na kurudi. "Mume wangu alikuwa anaangalia nini hapa?"

"Sijui, mama. Hakuwahi kutuambia."

"Hata mimi." Akaivuta khanga ikae vizuri. "Usajili unafungwa lini?"

"Karibuni."

"Nitawauliza watoto tena," akasema. Akainuka, akajipangusa, akaondoka kwa miguu akipitia nyuma ya magunia ya mpunga.

Nilipofika nyumbani simu ikaita. Alikuwa kipa, akipiga kutoka Geita, nyuma yake kelele za jenereta.

"Kapteni, vipi? Nije?"

"Mama alikuja kiwanjani."

"Amesemaje?"

"Atawauliza watoto."

Kelele za jenereta zikaendelea. Nikasikia mtu akimwita kwa mbali.

"Basi mimi nashuka chini," akasema. "Huko hakuna mtandao. Nikitoka nitakupigia."