Mlango wa Paka Uliovuka Mpaka

Stoo yetu ya Bulumbi ilikuwa na mlango wa mbao unaofunguka uani, na mchwa walianza kuula kutoka chini miaka mingi iliyopita. Kwenye pembe ya kushoto walituachia tundu la ukubwa wa bakuli. Hatukuliziba. Paka wetu, jike wa kijivu mwenye koo jeupe, alipita hapo akienda na kurudi kama mtu mwenye ufunguo wake, nasi tulikuwa tumeacha kumwona akipita, jinsi mtu anavyoacha kusikia saa ya ukutani.

Siku moja tukiwa mazishini, wezi waliingia stoo wakachukua baiskeli na gunia la karanga. Tulimshukuru Mungu kwamba hatukuwa nyumbani, kisha tukaagiza mlango wa chuma kwa fundi wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, ambaye milango yake inasifiwa mpaka Tororo. Ulipofika niliuombea, kama ninavyokiombea kila kitu kipya kinachoingia nyumbani. Ulifunga barabara mpaka kwenye saruji, hata mwanga haukupita chini yake. Jioni ile paka alikuja akakaa mbele yake, mkia ameuzungusha miguuni, akautazama. Kisha akanitazama mimi.

Sikuelewa alichokuwa ananiuliza. Mke wangu ndiye aliyeelewa kwanza, kwa sababu ndani ya stoo ile, kwenye boriti, alikuwa ametundika mbegu yake.

Mke wangu ni Mteso wa Merikit na mimi ni Msamia. Tulipokutana hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, kwa hiyo tulichumbiana kwa Kiswahili cha sokoni, na mpaka leo hata tukigombana ni kwa hichohicho. Alipoolewa alikuja na fungu la masuke ya wimbi, mbegu nyekundu ya mama yake, inayokomaa mapema kabla jua halijawa kali. Ugali wake, ambao kwao huitwa atap, haunati mkononi. Kila msimu alichagua masuke mazuri, akayafunga kwa kamba na kuyatundika bila kuyapura. Kwa mama yake yalining'inia juu ya moshi wa jiko. Jiko letu la nyasi lilianguka kwa mvua, basi yakahamia stoo.

Msimu uliotangulia nilimshawishi atie mbegu kwenye jerikeni na kufunga kifuniko, kama wataalamu wanavyoshauri. Labda hatukuikausha vya kutosha. Ilitoa jasho, ikashika ukungu, na nyingi haikuota. Alichovuna kilimpa mafungu matatu tu. Mama yake alikuwa ameshafariki, na ndugu zake Merikit siku hizi wanapanda mahindi na kununua unga. Kama mafungu yale yangeliwa kabla ya mvua, hakuna mahali pengine tulipojua ambapo angeipata mbegu hiyo tena.

Na yalianza kuliwa. Asubuhi moja alikuta makapi sakafuni, chini ya boriti, yamelala kama vumbi la msumeno.

"Baba," aliniambia, "mlango wako umewafungia panya ndani na paka nje."

Sumu aliikataa, kwa sababu ya kuku na wajukuu. Mtego ulinasa panya mmoja, wengine wakawa wanauzunguka. Tulijaribu kumfungia paka ndani tunapokwenda shambani. Alilia mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini, na akajisaidia juu ya gunia la muhogo mkavu. Kuuacha mlango wazi hatukuthubutu tena.

Binti yetu anayekaa Kampala alipopata habari alinitumia picha kwenye simu. Ilikuwa ya mlango mkubwa wenye kilango kidogo cha plastiki chini, na kichwa cha paka kikichungulia hapo. Niliitazama sana picha ile. Katika ukatekista wangu nimefundisha watu wengi kuingia na kutoka kwa adabu, lakini sikuwahi kujiuliza paka humwelezaje mwenzake kwamba kipande hiki cha ukuta ni ukuta na kipande kile si ukuta.

Nilikwenda Busia, nikavuka mpaka, nikaingia duka la vifaa vya ujenzi nikamweleza dada wa dukani.

"Mlango wa paka?" alisema. "Mzee wangu, na kengele pia utataka?"

"Mwekee na mtu wa kugonga stempu," akadakia mteja aliyekuja kununua misumari. "Panya wako na njia zao hapa mpakani, wote tunajua. Paka apite kihalali."

Duka zima lilicheka, nami pia. Lakini yule dada alipanda ngazi na kushuka na boksi lenye vumbi, na ndani mlikuwa na kilango kama cha pichani. Nilikisukuma kwa kidole. Kilikwenda huku, kikarudi, kikaenda kule, kikatulia katikati bila sauti. Nilikisukuma tena na tena mpaka yule wa misumari akaniuliza kama nataka kuingia.

"Mlango wako ni wa nini?" dada aliuliza.

"Chuma."

"Basi sikuuzii. Hii imetengenezewa mbao nene. Kwa chuma utafunga leo, kesho utaniletea vipande."

Nilimshukuru kwa ukweli wake nikaenda moja kwa moja kwa fundi aliyetengeneza mlango. Alisikiliza huku miwani yake ya kuchomelea imekaa juu ya paji la uso. Kwetu nguzo za umeme zinapita barabarani tu, na mashine yake ya kukata haifanyi kazi bila umeme. "Leta mlango," akasema. "Na ulete hiyo paka, nipime."

Ndivyo mlango wetu ulivyovuka mpaka tena. Tuliung'oa kwenye bawaba zake, na mwendesha baiskeli mmoja wa kijijini akaulaza juu ya kiti cha mizigo na kuukaza kwa tyubu ya lori. Mimi nilimbeba paka kwenye tenga la kuku. Mke wangu alileta kigoda, akakaa pale mlango ulipokuwa, na ungo wa karanga mapajani.

"Nendeni," alisema. "Leo mlango ni mimi."

Pale mpakani askari alitusimamisha.

"Mzee, unabeba nini?"

"Mlango."

"Na kwa tenga?"

"Paka."

Aliutazama mlango, akalitazama tenga. "Mlango na paka. Nyumba inakuja nyuma?"

"Nyumba imebaki na mama."

"Haya, pita. Lakini hiyo mlango irudi. Isiporudi nitajua umeuza."

Fundi alimtoa paka kwenye tenga, akamweka juu ya meza ya kazi. Nilidhani atakwaruzwa, lakini paka alitulia akinusa mafuta ya mashine.

"Hii paka ni kubwa, wah! Ama iko na mimba?"

"Hapana. Ni mnene tu."

"Imenona na nini, na panya zako zote ziko ndani?"

Niliona ni utani. Alimzungushia tepu tumboni, akachora kwa chaki sehemu ya chini ya mlango, kisha akaongeza kidogo kila upande. "Tuipe nafasi," alisema, "isikwaruze mbavu." Akakata. Kipande kilichotoka hakukitupa. Alikipiga msasa kingo zake na kukitundika palepale kwa bawaba mbili ndogo, kikawa kilango. Nilipenda sana kuona kwamba kile kilichofunga ndicho kilichofungua. Wakati wa kurudi askari alitupungia mkono tu.

Tuliporudisha mlango mahali pake, paka alikwenda kuunusa. Akasukuma kwa pua. Kilango kiliinuka, akashtuka, akakiacha, nacho kikaangukia fremu na kulia kama rimu ya gari inayogongwa shuleni. Paka aliruka mpaka juu ya paa la choo, akakaa huko hadi giza lilipoingia.

Mke wangu alicheka mpaka akashika kiuno. "Mzee, umetuhubiria mlango mwembamba miaka yote. Leo umeombwa kuutengeneza, umetengeneza kengele!"

Nilikifunga kilango kwa kamba kibaki kimeinuka, ili paka azoee tundu kwanza. Hapo akakubali. Kila jioni niliketi karibu nimtazame. Nilitaka kujua anatanguliza mguu gani, na nikagundua kwamba hatangulizi mguu, anatanguliza sharubu. Anasimama, anazinyoosha kama anayepima, ndipo anaingia. Kwenye tundu lile sharubu hazikugusa popote. Niliona jambo hilo kwa macho yangu, nikalifurahia, nikaliacha lipite.

Makapi yaliacha kuonekana sakafuni. Mke wangu alianza kuimba tena anapofagia. Tulimshukuru Mungu, na Jumapili tukafunga mlango wa chuma kwa kufuli tukaenda kanisani.

Tuliporudi tulisikia kelele ndani ya stoo kabla hatujafika uani. Nilipofungua, jogoo alikuwa amesimama juu ya magunia ya muhogo, shingo imenyooka mpaka kwenye boriti, na matetea wakigombania alichoangusha. Walikuwa wameingia kwa kilango cha paka, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, na tulipowafukuza walitokea hapohapo kwa mpangilio uleule. Mafungu mawili yalikuwa yamebaki mabua. La tatu lilipona kwa sababu lilining'inia mwisho wa boriti, mbali na magunia.

Mke wangu aliinama akaokota suke moja tupu, akaligeuza.

"Panya walikuwa na adabu," alisema. "Walikula kidogo kidogo."

Alilishusha fungu lile moja, akalipeleka chumbani kwetu na kulitundika juu ya kitanda, upande wake. Mimi, niliyefariji watu wengi kwenye misiba yao, nilichukua ufagio.

Nilipokuwa nikifagia nyuma ya magunia nilisikia mlio mwembamba. Ndani ya sanduku ninamohifadhi kanzu yangu ya zamani ya kanisani, paka alikuwa amelala, na watoto wanne wakinyonya. Tumbo lake lilikuwa limerudi kuwa dogo, na mbavu zinahesabika. Nilimwita mke wangu. Alichungulia, kisha kicheko kikamtoka bila yeye kutaka.

"Hukupima paka, Mzee. Umepima mimba!"

Nilisema nitaung'oa mlango tena niupeleke kwa fundi apunguze tundu.

"Uvuke nao mara ya tatu?" alisema. "Yule askari atakufunga."

Alikwenda uani akarudi na ile tyubu ya lori iliyofunga mlango kwenye baiskeli. Mwenye baiskeli alikuwa hajaifuata. Akaipasua kwa kisu, akakata kipande kilichozidi tundu kila upande, akaniambia nitoe kile kilango cha chuma na kukaza mpira kwa boliti kwenye matundu ya bawaba. Nilifanya alivyosema. Mpira ulining'inia mzito, umetulia, mweusi tii, na ulipoguswa haukutoa sauti yoyote.

Paka alitoka sandukuni kwenda kunywa maji. Alifika kwenye mpira, akanusa, sharubu zikaugusa pande zote. Akaweka paji la uso, akasukuma, na mpira ukamlamba mgongo mpaka mkia ukamalizika upande wa pili. Hakugeuka hata kuutazama.

Kisha nikawangojea kuku. Jogoo alikuja wa kwanza. Alisimama, akautazama mpira kwa jicho moja, akageuza kichwa akautazama kwa jicho la pili. Akadonoa. Mpira ukatikisika, naye akaruka nyuma mabawa wazi, kama mzee aliyetukanwa hadharani. Alirudi mara kadhaa, na kila mara alitaka kwanza kuona ng'ambo. Kuku hasukumi kwa kichwa kitu ambacho haoni kilicho nyuma yake. Paka anasukuma. Kwa nini iwe hivyo, sijui mpaka sasa. Nilianza kulitengenezea mahubiri, nikakumbuka kwamba jogoo yule naye ameumbwa na Mungu yuleyule, tena kwa uangalifu, nikaacha.

Fungu la mbegu lilikaa juu ya kitanda chetu, na wakati mwingine makapi yaliniangukia shingoni. Sikulalamika. Halafu asubuhi moja nilimkuta mke wangu stoo, amepanda juu ya kiti, anafunga kamba kwenye boriti. Nilimshikia kiti.

Mvua zilipofika alilipura fungu lile kwenye ungo na kuzipanda punje zake nyuma ya nyumba. Hakuzirusha kama kawaida yake, alizipanda kwa mistari akizihesabu kwa vidole, na siku zile kuku walishinda wamefungiwa bandani wakinilalamikia mimi. Shamba lenyewe lilikuwa dogo kama mkeka wa harusi. Lakini liliota lote. Masuke yalipokuwa mekundu hatukupika hata ugali mmoja. Aliyafunga mafungu manne. Mawili akayatundika stoo, na mawili tukayapeleka Merikit kwa dada yake mdogo, ili mbegu ya mama yao ilale katika nyumba mbili. Tulimpelekea pia mtoto mmoja wa paka kwenye tenga, na kipande cha tyubu kilichokunjwa vizuri.

Dada yake alipokea masuke kwa mikono miwili, akayanusa, akafuta macho kwa kanga. Alimpokea na paka. Kisha akaushika ule mpira, akaukunjua.

"Na hii je, dada?"

"Ya mlango wa stoo. Shemeji yako atakufungia."

"Mlango wangu ni mbao tu, umeliwa na mchwa. Tazama tundu lile kwenye pembe, hata aibu."

Mke wangu alitazama tundu, akanitazama mimi, na hapo nikajua hadithi ya mlango itanifuata mpaka Bulumbi.

"Mdogo wangu," alisema, "usithubutu kuliziba."