Bibi Yako Anapanda Ndege

Wivu wangu haukuanza na ile ndege. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi, nikidhani mkunga anataka kuniibia kitu. Nilitoka nao Uvira, upande wa Congo, nikaolewa nao Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, na ndio ulionichagulia mahali pa kuweka cherehani yangu katika soko la Jabe: mkabala na meza ya mume wangu, nione nani anakuja kutengenezesha redio na nani anakuja kucheka tu. Alikuwa fundi redio. Watu wote walimwita fundi, nami nilimwita hivyo hivyo.

Miaka ile ya vita kila nyumba ilitaka kujua barabara gani imefungwa na mtaa gani umepigwa mabomu, kwa hiyo kazi haikumkaukia. Chini ya meza aliweka redio kubwa ya zamani, ya boksi la mbao, iliyokwisha kufa na kutolewa matumbo. Humo ndimo alimotia karatasi zake. Alidhani hakuna aijuaye siri hiyo. Mimi nilikuwa nikiifungua kila wiki, na sioni haya kusema.

Jumatatu moja alipokwenda kuswali adhuhuri, nikakuta barua. Ilitoka kwa binamu yake, mtoto wa mjomba wake, aliyekulia Dar es Salaam. Ilikuwa fupi, na hadi leo naijua kwa moyo:

“Bibi yako amekubali. Anapanda ndege Alhamisi. Anaiogopa sana, ila anasema kwako angekuja hata kwa miguu. Mtafutie godoro zuri, siku hizi mgongo unamsumbua. Mkeo mwambie taratibu, maana ulimi wake tunausikia hadi huku.”

Wewe uliyekulia Tanga au Dodoma umeshaanza kunicheka. Cheka. Kwetu Bujumbura bibi ni mwanamke uliyemwoa, basi. Mwanamume akisema “bibi yangu” anamsema yule anayempikia na kumfulia. Mama mzaa baba na mama mzaa mama tunao, lakini wana jina lao la Kirundi, nyogokuru, na mtu hawezi kuyachanganya hayo mawili hata akiwa na homa. Kiswahili changu kilikuwa cha Uvira na Buyenzi, na kwa Kiswahili hicho barua ile ilikuwa na maana moja tu.

Niliisoma mara tatu. Yeye alikuwa bibi, mimi nilikuwa “mkeo”. Neno mke nililijua kutoka chuoni, tulipofundishwa dini, na pale lilinikalia vibaya, jina la mtu wa akiba. Halafu ule mgongo! Miaka mitano ya ndoa sikuwa nimepata mimba hata ya kusingizia, na kila mwanamke anajua mgongo unaosumbua na kutaka godoro zuri ni mgongo wa namna gani. Dini ilimruhusu kuongeza. Nikayaona yote: atashuka na tumbo lake, nami nitakuwa mke mkubwa wa kuwapikia pilau wageni wa mtoto wa mwenzangu. Nikairudisha barua, nikarudi kwenye cherehani, nikashona mkono wa gauni la watu kwenye shingo.

Sikumwuliza kitu. Walionijua watashangaa mimi nilinyamazaje. Nilitaka ajikamatishe mwenyewe.

Jumanne akaanza kupaka chokaa chumba cha uani. Chumba hicho kilikuwa na historia. Shangazi yake na watoto watano walikikimbilia vita vilipowakuta huko vilimani, wakakaa miezi saba, na mimi na shangazi tukagombana miezi saba, kuanzia chumvi hadi kamba ya kuanikia nguo. Siku walipoondoka niliapa kwa jina la Mungu, mbele ya majirani, kwamba ndugu yake mwingine akikanyaga kizingiti changu, mimi narudi Uvira na cherehani yangu kichwani. Tangu hapo chumba kilikaa magunia ya mkaa. Sasa kilikuwa cheupe.

Jumatano likaja godoro jipya, lingali katika nailoni yake.

“Ni ya mukiriya moja,” akasema, yaani mteja. “Namutunzia tu.”

“Umutunzie muzuri,” nikamjibu.

Godoro la mteja wa redio! Alhamisi akavaa kanzu ya Idi, akaniambia anakwenda mjini kutafuta vipuri. Nikamtazama akiondoka ananukia udi, nikaendelea kushona, huku nikipanga maneno nitakayompokea nayo huyo mwanamke atakaposhuka kwenye teksi. Yalikuwa maneno mazuri. Mengine sijawahi kuyatumia hadi leo.

Alirudi alasiri, peke yake, kanzu imeloa mgongoni. Hakunitazama. Akaketi, akawasha redio nne kwa pamoja, kila moja na stesheni yake, akainamisha kichwa katikati. Hivyo ndivyo Jabe ilivyojua. Vikwazo vya nchi jirani vilikuwa vimeondolewa na ndege za abiria zilikuwa zimeanza tena kutua kwetu, na ile iliyotoka Dar es Salaam asubuhi ilikuwa haijatua popote.

Kesho yake meza yake ilizungukwa na nusu ya soko.

“Mi naambia nyinyi, ile ndege wameipiga,” alisema muuza mkaa, akionyesha vilima kwa kidevu. “Wale wa kule juu. Waliiona, wakaipiga.”

“Apana,” akasema mwenye duka la sabuni. “Iko mu Congo. Imeshuka kule kwenye wanachimba dhahabu. Watu wote wazima, wanakula, wanakunywa.”

Mtumishi mmoja wa serikali, mkazi wa Ngagara, alikuwa amekuja kuchukua redio yake akasahau kuondoka. Aliteremsha sauti. “C'est officiel. Pilote alinunuliwa. Mi siwezi sema zaidi.” Watu wakasogea, maana officiel ni neno la serikali yenyewe. Huyo bwana alikuwa akifanya kazi ya chanjo ya ng'ombe.

Muuza nyanya aliisikia ndege ikipita juu ya paa lake ikikohoa. Kufika saa sita walikuwa wanne walioisikia ikikohoa, wawili upande wa kaskazini ya mji na wawili upande wa kusini. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na Jabe ilikuwa ikilisukuma lije haraka.

Lililoniuma mimi si hizo hadithi. Ni ile huruma. “Masikini, wale wamama mule ndani,” walisema, na kila “masikini” niliihesabu ni mali yangu inayogawiwa mtu mwingine. Fundi hakula Alhamisi, hakula Ijumaa. Alizungusha vifungo vya redio mpaka kidole gumba kikavimba. Nilipolazwa na malaria siku nane, alikuja asubuhi na jioni, ndiyo, sikatai. Lakini alikula. Tena alikula chakula changu cha hospitali. Mimi nilikuwa sijatafutwa hivyo na mtu yeyote tangu nizaliwe, nami nilikuwa hapo hapo mbele yake, hatua sita, na uzi mdomoni.

Ijumaa nikatandika mswala wangu nyumbani. Baada ya kuswali niliinua mikono na kuomba waziwazi, bila kuzunguka: “Mola wangu, ile ndege isionekane.”

Nilijua ina watu wengine. Nilimwambia Mungu yeye ni mwenye uwezo, anajua jinsi ya kuwatenga. Hao wengine awatoe salama, huyo mmoja ambakize hukohuko aliko. Nikaomba hivyo kila swala, Ijumaa na Jumamosi, na nikaomba kwa moyo kuliko nilivyowahi kuomba mtoto. Mara mbili fundi alinikuta hapo, mikono juu, machozi yakinimwagika hadi kifuani. Yalikuwa machozi ya hasira. Alisimama mlangoni kidogo, kisha akaondoka akinyata.

Jumapili zikafika habari kwamba wavuvi wa Ruziba wameona kitu ziwani. Fundi akasema anakwenda. Nikasema, “Twende wote.” Alinitazama kwa namna ambayo niliichukua kuwa woga, nikafurahi. Nilitaka niwe karibu litakapomtoka jina la huyo mwanamke.

Askari wa kizuizi cha barabarani walitukagua wakatuachia, tukafika Ruziba jua limeshapanda. Mvuvi mmoja aliona moto ukiingia majini. Mwingine aliona bawa, jeupe, refu kama kanisa. Wa tatu akatupeleka kwenye kitu chenyewe, walichokiburuta hadi mchangani: pipa tupu la mafuta, lililobabuka rangi. Fundi akalizunguka pipa lile mara mbili. Akaligusa.

Mama mmoja mzee alikuwa karibu akianika ndagala, dagaa wa ziwa letu. Akaacha kazi yake.

“We baba,” akamwuliza, “nani yako iko mu ile ndege?”

Nilikuwa nyuma yake hatua moja. Siku tatu nilikuwa nimeungoja mdomo wake ufunguke, na jibu langu lilikuwa tayari kwenye meno.

“Nyogokuru,” akasema. “Ule mwenye alinilea. Mama yangu alikufa mi niko mutoto muchanga.”

Yule mama akapiga mdomo kwa huruma. Fundi akaendelea, akimwambia yeye, si mimi: “Wajomba walimupeleka Dar vita ilipoanza. Nilitaka arudi kwetu, akufie kwetu. Nilimununulia hata godoro, sababu mugongo wake ni mubovu. Mi ndiye niliuharibu. Alinibebaka mpaka niko mukubwa, miguu yangu inaburura chini.”

Mgongo. Nikasikia barua yote ikijisoma upya kichwani mwangu, neno moja moja, kwa Kiswahili cha Dar es Salaam. Nilikaa chini kwenye mchanga, pembeni ya ndagala za watu.

“Mbona haukuniambia?” nikamwuliza.

“Niliogopa we,” akasema, bila ubaya. “Uliapa. Nikasema, wacha kwanza afike, akimuona atamupenda.”

Ningependa kuandika kwamba wivu uliniacha pale pale. Haukuniacha. Ulihama kiti tu. Njia nzima ya kurudi niliwaza: kwa hiyo kuna mwanamke aliyempenda hivi, na si mimi, na sitaweza kumshinda kwa sababu alianza zamani. Nilimwonea wivu kikongwe mwenye mgongo mbovu ambaye labda alikuwa chini ya maji. Ndivyo nilivyo. Kisha nilifika nyumbani, nikafungua mlango wa chumba cha uani, nikaona ukuta ulivyopakwa chokaa na mtu asiyejua kupaka, na godoro katika nailoni.

Nikarudi kwenye mswala. Nikamwambia Mungu nilikosea, sikuwa na maana hiyo, lile la kwanza alifute. Ionekane, Mola wangu, ionekane hata kipande. Niliomba wiki ya kwanza, nikaomba mwezi.

Watu husema dua la kuku halimpati mwewe. Sijui la kwangu. Ile ndege haikuonekana. Misitu ya ng'ambo ilikuwa imejaa wenye bunduki, ziwa letu ni refu kwenda chini kuliko linavyoonekana, na waliotafuta walichoka. Jabe haikuchoka. Yule bwana wa Ngagara kila mwezi alikuja na jipya, na kila mara lilikuwa officiel. Muuza sabuni alimwapia fundi kwamba kuna mtu amemwona nyogokuru Bukavu sokoni, mzima, ananunua mihogo. Fundi aliwasikiliza wote. Alikuwa akizima redio ili awasikie vizuri.

Hatimaye shehe alimwita, wakazungumza, na wakakubaliana kumswalia mtu asiyekuwepo. Matanga yakawekwa kwetu. Wanaume walikaa uani chini ya turubai, sisi wanawake ndani, na kati yetu pazia tu. Nilikuwa nimeketi juu ya lile godoro, maana viti havikutosha. Baada ya kisomo nikamsikia mume wangu akikohoa, akitafuta sauti. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu.

“Mi nilimutafuta na redio tu,” akasema. “Mwenye aliomba ni bibi yangu. Mbele mi sijamuambia kitu, ye alisha kujua. Mi nasikiliza redio, ye iko chini, mikono juu, analia. Mutu hajamuona hata siku moja, na anamulilia vile. Mungu amulipe. Amulipe sawasawa na ile dua aliomba.”

“Amina,” wakaitika, uwanja mzima.

Ndani, wanawake walinigeukia. Mkubwa wao, mama wa Buyenzi aliyekuwa ameosha maiti za mtaa mzima, alisogea kwa magoti hadi niliko, akanishika kiganja, akakibusu.

“Mutoto wangu,” akasema, “tuombee na siye.”

Mmoja alikuwa na kijana aliyechukuliwa na wenye bunduki. Mwingine alikuwa hajui mumewe yuko upande gani wa mpaka. Wote wakaniangalia mikono. Nikaiinua. Nje nilimsikia mume wangu akiwanyamazisha wanaume, ili nao wasikie.