Nani Alimfukuza Mtu wa Mlimani

Kuna watu wanaosoma kitabu kikaisha. Swadiki alikisoma chake kikamwingia mwilini kama homa. Alikuwa na mashine ya kusaga mihogo kule Oli, ukingoni mwa mji wa Arua, na kwa miaka mingi mashine hiyo ilimpa riziki huku ikimla masikio. Ukimsalimu kwa sauti ya kawaida hakuitika, wala hakikuwa kiburi. Basi aliponunua, kwenye rundo la vitabu vya mtumba, kitabu cha Mzungu wa zamani aliyeuhama mji akaenda kuishi peke yake mlimani, katika kibanda cha mawe, akila alichopanda na kusikiliza kimya, Swadiki aliona ameandikiwa yeye.

Alikisoma juu ya magunia, unga umemjaa kwenye nyusi. Alipokirudia mara ya tatu alimwambia mkewe, Zam, kwamba kiangazi kikifika atamwachia mashine, aende Lurujo, huko Koboko, kwenye shamba la marehemu baba yake, akakae peke yake bila simu wala redio.

Zam alimpima kwa macho toka utosini hadi kwenye kandambili.

"Kama iko bibi ingine kule, sema tu."

"Hapana bibi. Mimi nataka kimya."

"Na hiyo Kimya iko binti ya nani?"

Hata hivyo alikubali, mradi mama mkwe aridhie. Hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana Swadiki, pamoja na mvi zake zote, hakuwahi kufunga safari bila baraka za mama yake, na hakuthubutu kuanza sasa.

Mama Zuhurah alikuwa mjane wa askari. Mwaka wa vita, serikali ilipoangushwa na familia za askari zikawindwa, alivuka mpaka kukimbilia Kongo, Swadiki akiwa bado wa kunyonya, wakaishi porini huko miaka. Ijumaa, baada ya swala, mwanawe alimsomea kile kitabu, akikigeuza Kiswahili ukurasa kwa ukurasa. Mama alisikiliza kwa makini, kisha akauliza:

"Huyu mutu, nani alimufukuza?"

"Hapana mutu, mama. Yeye mwenyewe alipenda."

"Alipenda? Yeye naacha watu yake, nalala porini, halafu naandika ati iko muzuri?"

Swadiki akaona ajaribu njia nyingine. Akamweleza kwamba yule bwana alikuwa na vitu vichache tu, na kwa hiyo moyo wake ulitulia.

"Sisi kule ilikuwa na sufuria moja," mama alisema. "Hata usingizi hapana."

"Lakini kimya, mama. Kimya ya porini."

"Kimya iko mubaya sana. Ndege ikinyamaza, wewe najua watu ya bunduki iko karibu."

Swadiki akafunga kitabu, kichwa kikimzunguka. Nyasi zilezile, kimya kilekile, mmoja anaviita raha na mwingine anaviita kifo, na wote wawili wameviishi! Nani aaminiwe? Na yeye je, alitamani upweke kweli, au alichoshwa tu na mashine? Alikiudhikia kitabu, akamuudhikia mama, halafu akajichukia kwa kumuudhikia mama. Ruhusa hakuipata. Mama alimkodolea macho, uso umebadilika kama wa mtu aliyeng'amua jambo.

Asubuhi iliyofuata alirudi aombe waziwazi. Alimkuta ameketi nje ya mlango, viatu miguuni, kitambaa kimekazwa kichwani, kifurushi mapajani. Swadiki alikifungua. Ndani mlikuwa na chumvi, kiberiti, sindano yenye uzi, na mbegu za mtama ndani ya soksi.

"Mama, wewe nakwenda wapi?"

Mama alitazama barabara huku na huku, akamsogelea sikioni, akashusha sauti.

"Na wewe."

"Mama, hapana mutu nafukuza mimi! Haki ya Mungu, sina kosa na mutu!"

"Sawa," mama alisema, kwa upole wa mtu asiyeamini hata neno moja. "Ile siku wewe ilikuwa mugongoni yangu. Wewe hapana uliza mimi tunakimbia nini. Sasa mimi pia hapana uliza."

Akainuka kwa kushika goti, akajitwisha kifurushi, akasimama akimsubiri aonyeshe njia.