Onyo kwenye Kopo la Sukari

Miaka ile ya uhaba, mume wangu aliwahi kupanga foleni Newala tangu alfajiri akaambulia robo kilo ya sukari. Akaapa kwamba siku ikipatikana, chai isiyo na sukari haitapita tena kinywani mwake. Biashara ilipofunguliwa na maduka yakajaa, alitimiza kiapo. Vijiko vitano kwa kikombe, chapati zimepakwa siagi ya kopo, na jioni bonge la ugali wa muhogo kama kichwa cha mtoto. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sisi tukikaa Mkunya, na suruali zake nilizipanua mpaka kitambaa kikaisha.

Kisha ikamshika kiu isiyokatika. Katika hospitali ya misheni daktari akamwambia ana kisukari, apunguze kula. Akaitikia vizuri kabisa. Tulipofika nyumbani akaagiza chai.

Dukani nilikuwa nimeona paketi ya sigara ina onyo. Nikajiuliza, sukari imekosa nini? Nikakata plasta ya kidonda, nikaandika, "HATARI KWA AFIA YA MWALIMU", nikaibandika kwenye kopo la sukari.

Alipoiona alitoa kalamu nyekundu. Akasahihisha "afia" ikawa "afya", akanipa saba kwa kumi, halafu akachota vijiko vyake vitano. Nilicheka. Lakini nilipokuwa naosha kile kikombe, machozi yalinitoka.

Wiki hiyohiyo mama yake akaja kutoka Chiwata kututembelea. Hakujua kusoma. Asubuhi, tumeketi mkekani kwa chai, akalishika kopo.

"Mwanangu, hapa pameandikwa nini?"

Mume wangu hakuwa na desturi ya kumdanganya mama yake. Akajikuna shingo.

"Pameandikwa, hatari kwa afya ya mwalimu."

"Mwalimu yupi?"

"Mimi, mama."

"Kaandika nani?"

"Mama watoto."

"Na huu wino mwekundu?"

"Wangu. Alikosea herufi, nikasahihisha."

Mama mkwe akalirudisha kopo chini taratibu. "Yaani kosa la mwenzio umeliona, hatari hukuiona?"

Mume wangu akavuta kikombe chake. Alikunywa chai ile bila sukari, amekunja uso kama anameza klorokwini. Mchana mama yake akaukata ugali wa mwanawe katikati, akahamishia nusu kwenye sahani yake mwenyewe. "Mimi ndiye niliyekuzoesha kumaliza sahani," akasema. "Acha nikuzoeshe na hili."

Alikaa nasi mwezi mzima, akikata ugali kila siku. Alipoondoka, mume wangu alikuwa ameanza kuukata mwenyewe, na shuleni sasa akienda kwa miguu.

Kula bado anapenda. Nikipika kisamvu cha karanga hanung'uniki, ananitazama tu, nami namwongezea upawa mmoja. Anakula polepole siku hizi, akinisimulia ya shuleni, mpaka kuku wanaanza kupanda bandani.