Kengele ya Nyumba ya Bibi Harriet

Harufu ya nta ya kung'arishia mbao ikinifikia popote, narudi Saint Paul, mji wa ughaibuni tulikohamia, kiangazi nilipokuwa na miaka tisa, katika nyumba ambamo mama alimtunza Bibi Harriet. Ilijengwa na babu yake Bibi, mwenye kinu cha unga, kwa kuiga jumba aliloliona Uingereza: paa zenye ncha, mabomba marefu ya moshi, madirisha ya vioo vidogovidogo, na mbao nyeusi ukutani ambazo, Bibi alinieleza akicheka, hazikubeba chochote, zilikuwa pambo tu. Mimi sikusomea ujenzi; nikikosea hapa, kosa ni langu, si lake. Ngazi zilikuwa mbili: pana ya wenyewe, na nyembamba ya watumishi wa zamani, nyuma ya jikoni. Mama alipanda ile nyembamba. Kwa haki niseme, hakuna aliyemwamuru. Alidai ni karibu.

Jumapili moja kanisani niliropoka kwamba Bibi anaumwa mguu. Kwetu mgonjwa haombewi kwa mbali tu. Jumapili iliyofuata akina mama saba, wakiongozwa na Mama Njeri, nami mbele nikiwaonyesha njia, walijaa mlango wa jikoni na vitenge, chapati na thamosi ya chai. Kampuni iliyomwajiri mama ilikataza wageni, naye hata mwezi hakuwa amemaliza kazini.

"Mnataka nifutwe?" mama alinong'ona.

"Turudi na chapati moto hivi? Haiwezekani. Sogea, Mama Kendi," Mama Njeri alijibu.

Hapo kengele ya kuitia watumishi, iliyokaa kimya tangu mama aanze kazi, ikalia ukutani. Mama alipanda mbio. Nilimfuata nikijua mdomo wangu umeponza kichwa chake. Tulimkuta Bibi kitini kando ya dirisha, alikowaona wakija, ameshachana nywele.

"Mgeni hapiti jikoni," alisema. "Wapitishe mbele. Kampuni ikiuliza, nitasema niliwaalika." Akanigeukia. "Kimbia kawaalike, isiwe uongo."

Wakapanda ngazi pana wakiimba, mama katikati yao, kwa mara ya kwanza. Kazi ilibaki, na chapati Bibi alikula tatu. Labda nne, sikuhesabu vizuri.

Leo jumba lile limegawanywa vyumba vya kupangisha, na mlango wake wa mbele unafunguliwa kwa namba za siri. Nasi tumebadilika: mtu akiugua, tunamtumia picha ya maua kwenye simu. Silaumu mtu, zamu ni ndefu, theluji nayo haina huruma, na mimi nimetuma maua hayo mara nyingi. Ila Jumamosi iliyopita nilisikia Mama Njeri, sasa ajuza, ameumia goti. Sikutuma kitu. Nilikanda unga, nikaendesha gari hadi kwake Richfield, nikazunguka nyuma kwa mazoea, nikabisha hodi.

"Nani?"

"Kendi, Mama. Nimeleta chapati."

Kicheko kikatoka ndani.

"Kendi, mgeni hapiti jikoni! Zunguka mbele!"