Mama Mkwe Juu ya Kerieri

Nilipoolewa Koboko nilimwogopa mama mkwe wangu kuliko radi. Hakuwa mkali. Alikuwa mkimya tu, tena mwenye ukimya wa mtu anayekuona hata akikupa kisogo, na kwa kuwa aliongoza akina mama wa kanisa, hata wanaume walishusha sauti akipita. Mimi nilitoka Ayivu, upande wa Arua, kwenye nyumba ambamo tulicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kumetokea nini. Kwake nilijifunza kuchekea puani.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Watu walikuwa wamerudi kutoka ukimbizini Sudan na Zaire, wamejenga upya, wamelima, na mavuno yalipoingia ghalani wakashikwa na hamu kubwa ya upuuzi. Vijana waliokuwa wakibeba abiria kwa baiskeli wakatangaza mashindano ya kiangazi kwenye uwanja wa shule. Mbio zilikuwa tatu: za kwanza baiskeli tupu, za pili na gunia la muhogo, za tatu na abiria mtu mzima nyuma kwenye kerieri.

Nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza la duka moja sokoni, kwa hiyo waliniomba vitambaa vya rangi, kila mshindani afunge chake mkononi. Wanawake wa soko wakachukua mabaki ya vitambaa hivyo wakayapanga juu ya mkeka. Ukimtaka wa kijani, unaweka kitu chako juu ya kitambaa cha kijani: sabuni, chumvi, sukari, chochote. Akishinda, wewe na wenzako wa kijani mnagawana vyote vilivyo mkekani.

Nilimwambia mama mkwe kwa sababu ningechelewa kurudi. Nilijiandaa kwa mahubiri. Akaingia ndani, akatoka amevaa kitenge chake cha Jumapili na kuku kwapani.

"Twende," akasema.

"Mama, kule watu wanacheza kamari kidogo."

"Kamari iko ya mutu hajui. Mimi najua."

Njiani akaongea kuliko alivyoongea mwaka mzima. Marehemu mumewe alikuwa askari, na ujanani mwao walikaa Nairobi. Jumapili baada ya misa walikwenda kusimama nje ya uzio kutazama mbio za farasi. Askari waliwekeana dau la sigara, na mumewe alipoteza kila wiki, mpaka siku alipomuuliza mkewe kwa mzaha, "Wewe ungechagua nani?" Tangu siku ile hakununua tena sigara.

"Ulijuaje, Mama?"

"Farasi inatembea kwanza mbele ya watu. Wote natazama rangi. Mimi natazama miguu. Ile natoka jasho mapema, wacha. Ile natazama watu, wacha. Ile nafikiri mambo yake, chukua hiyo."

Uwanjani washindani walikuwa wamejipanga kwenye mstari wa majivu. Mimi nilishampata wangu: wa njano, mrefu, shati jeupe, meno kama ameyaosha kwa maziwa. Nikaweka kipande cha sabuni. Mama mkwe akapita mbele ya mstari, mikono nyuma, kuku amemkabidhi jirani. Alibonyeza matairi. Aliinama kutazama mashavu ya miguu ya vijana wa watu mpaka nikatazama chini kwa aibu.

"Umekula?" akamuuliza wa buluu.

"Nimekula, Mama. Sahani mbili!"

Akampita. Alipofika kwa wangu wa njano, yule akampungia mkono. Mama mkwe akanigeukia. "Iko napunga mkono. Miguu itafanya kazi saa ngapi?"

Akasimama kwa wa kijani, kijana mfupi, pekupeku, kiti cha baiskeli kimefungwa kwa katani, macho chini kama anayekumbuka alikoacha jembe. Akaweka kuku.

Filimbi ikalia. Raundi ya kwanza wa njano aliongoza, nami nikapiga kelele. Raundi ya pili alikuwa bado anaongoza, akatupa busu upande wa wasichana. Raundi ya tatu yule mfupi alimpita bila hata kumtazama. Mama mkwe akapewa kuku wake pamoja na sabuni, na sabuni moja ilikuwa yangu.

Kwenye mbio za magunia wanawake kumi hivi walikuwa wakimfuata nyuma, akisimama wanasimama. Safari hii hakujali miguu. Alishika kila gunia akalitikisa. "Mzigo ukicheza, mutu hachezi," akasema, akamchagua wa buluu, yule wa sahani mbili, kwa kuwa gunia lake lilikaa kama limeota pale. Kwenye kona, gunia la yule wa kitambaa chekundu lilipasuka. Muhogo ukasambaa njiani. Wangu wa njano akaupanda, baiskeli ikaenda kushoto, yeye akaenda kulia, akakaa katikati ya muhogo na meno yake yote. Nilicheka kwa sauti ya Ayivu kabla sijakumbuka niko wapi. Nikaziba mdomo. Nikageuka polepole, nikamkuta mama mkwe ameinama, ameshika magoti, mabega yanatikisika.

Wa buluu akashinda. Mbio za tatu mama mkwe akamrudia wa kijani. Soko lote likamfuata. Kitambaa cha kijani hakikuonekana tena kwa sukari na sabuni. Hapo ndipo ikajulikana kwamba abiria wake, ndugu yake, amelala nyuma ya darasa, amelewa pombe ya kwete, haamki hata kwa maji. Na bila abiria hakuna mbio. Kijana akakaa chini akashika kichwa.

Mama mkwe akavua ndala akanipa. Akakaza kitenge.

"Mama, utaanguka!"

"Nitaangukia mbele," akasema, akapanda kerieri.

Watu waliokuwa na busara wakakimbia kuhamisha vitu vyao kwenda kwa wa njano. Mimi nikavua shela yangu nikaiweka juu ya kijani.

Walianza wa mwisho. Nilimwona akimsemesha yule kijana sikioni mfululizo, akimpigapiga mgongoni, naye akanyonga baiskeli kama anayefukuzwa na nyuki. Wakampita wa buluu. Wakampita mwekundu. Wakamkaribia wa njano, na uwanja mzima ukasimama, hata wazee wa kanisa niliowaona wamejificha nyuma ya mti. Kisha cheni ikatoka.

Sijui wengine wangefanya nini. Mama mkwe aliruka chini, akapandisha kitenge magotini, akashika kerieri kwa mikono miwili, akasukuma baiskeli mbio, kijana bado amekaa juu ameduwaa. Abiria wa njano aligeuka nyuma, akaona kinachomfuata, akacheka mpaka akaanguka. Mama mkwe akavuka majivu wa kwanza, mikono juu.

Mwamuzi alikuwa sajenti mstaafu. Akapiga filimbi.

"Kijani nje! Abiria alishuka. Abiria aligeuka injini! Na njano nje, alimwaga wake."

Mshindi akawa mwekundu, aliyefika akiwa amechoka na abiria wake akimsalimia kila mtu. Hakuna aliyekuwa amemwekea kitu, hata mama yake mzazi. Wanawake wakazozana juu ya mkeka, ni wa nani sasa, mpaka mmoja akabandika sufuria la maji. Sukari yote ikaishia kwenye chai, na uwanja mzima ukanywa, sajenti pia, ingawa yeye alipewa ya mwisho.

Tulirudi nyumbani tukiwa tumeshikana mikono, maana kila tulipojaribu kunyamaza mmoja wetu alisema "injini," na tukapepesuka kwa kicheko. Nilimkanda miguu kwa maji ya chumvi. Tangu jioni ile sikuchekea tena puani.

Mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi Arua, alirudi Jumamosi akiwa ameshasikia habari tangu barabarani. Akakaa mbele ya mama yake kwa adabu.

"Mama, watu wanasema ulishindana baiskeli."

Mama mkwe akaendelea kuchagua maharage.

"Sajenti," akasema, "hajui mbio."

Nikakimbilia jikoni.